Upande wa pili wa mizani: maana za kale za neno "counterpoise"

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri mchanga, huu ni mwaka wa pili tangu nianze kulipwa kwa kazi hii. Ndani ya miezi mitatu nimekutana na neno moja la Kiingereza, 'counterpoise', mahali patatu pasipohusiana: katika tamthiliya ya Shakespeare iitwayo Much Ado About Nothing, katika kitabu cha historia ya vita vya zama za kati, na katika mwongozo wa kufunga antena ya redio. Kote nimeandika 'uzito wa kusawazisha' kwa sababu ndivyo inavyosema kamusi ndogo niliyonayo. Mhariri amekata ya tamthiliya na ya redio bila maelezo, akaacha ya vita. Rafiki yangu mmoja anasema 'poise' ni utulivu, kwa hiyo neno zima ni kinyume cha utulivu. Mwingine, mwalimu wa kwaya, anasema ni ndugu wa 'counterpoint' ya muziki. Naomba unieleze neno hili lilianza na maana gani, maana ipi ndiyo sahihi, na nilitafsiri vipi. Naogopa nimeshaharibu kazi."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ondoa hofu, kazi hujaiharibu. Mfasiri anayesimama mbele ya neno akauliza limetoka wapi yuko mahali pazuri kuliko anayelipita bila kuona kitu. Mhariri wako naye angekueleza. Kalamu nyekundu peke yake haimfundishi mtu. Nitajaribu kuijaza nafasi hiyo, na nitachukua muda kidogo, maana neno lenyewe lina safari ya miaka 600.

Kinachokusumbua zaidi, naona, ni pale unapouliza "maana ipi ndiyo sahihi". Unadhani chini kabisa kuna maana moja ya kweli, na nyingine zote zimejipachika tu. Lakini "counterpoise" tangu mwanzo ni neno la uhusiano. Jiwe likikaa peke yake chini ya mwembe ni jiwe tu. Litundike upande wa pili wa ufito wenye mzigo, sasa limekuwa "counterpoise". Lishushe, limerudi kuwa jiwe. Kwa hiyo kila ukilikuta neno hili, jiulize kwanza: upande wa pili pametundikwa nini? Majibu ya swali hilo ndiyo yanayobadilika katika vitabu vyako vitatu.

Kabla ya historia, naomba ufanye jambo moja kwa mikono yako. Nimewafanyisha wanafunzi wangu mara nyingi na linawasaidia kuliko kamusi. Tafuta ufito mnyoofu wa mita moja. Funga uzi sentimita 20 kutoka ncha moja, uuning'inize ufito huo kwenye tawi. Upande mfupi, sentimita 10 kutoka kwenye uzi, tundika mfuko wa sukari wa kilo moja. Upande mrefu tundika robo kilo ya chumvi, kisha isogeze taratibu kuelekea nje. Mwanzoni sukari itainamisha ufito mpaka ncha fupi iangalie chini. Endelea kusogeza. Kabla chumvi haijafika sentimita 40 kutoka kwenye uzi, ufito utainuka, utatikisika kidogo, kisha utalala sawa.

Robo kilo imeikabili kilo nzima. Uzito wao haulingani hata kidogo. Kilicholingana ni uzito ukizidishwa kwa umbali kutoka kwenye egemeo. Kilo 1 kwa sentimita 10 ni sawa na robo kilo kwa sentimita 40, na ule upungufu uliouona unatokana na ufito wenyewe, kwa kuwa mkono mrefu nao una uzito wake unaosaidia chumvi. Archimedes wa Syracuse alikwisha kuieleza kanuni hii katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na mizani ya Warumi yenye mkono mmoja mrefu na jiwe moja la kusogeza ilifanya kazi hivyohivyo. Hilo jiwe la kusogeza, Waingereza wanaliita "poise" hadi leo. Shika hapo.

Mzizi ni kitenzi cha Kilatini "pendere", yaani kutundika, na kwa kuwa zamani kilichopimwa kilitundikwa, kikawa pia na maana ya kupima uzito, na hatimaye kulipa, maana malipo yalikuwa madini yaliyopimwa kwenye mizani. Huko ndiko lilikotoka neno tunalolitumia kila siku bila kulishuku: pensheni. Mzee anayekwenda kufuatilia pensheni yake anafuatilia, kwa asili ya neno, fedha iliyopimwa. Pauni nayo ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo "counterpoise" ina jamaa zake ndani ya Kiswahili, ijapokuwa hawafanani sura.

Kutokana na "pendere" Kilatini kilipata "pensum", kitu kilichopimwa, na Kifaransa cha kale kikalilainisha likawa "pois", uzito. Ukiweka "contre" mbele, yaani "dhidi ya" au "mkabala na", unapata "contrepois". Waingereza walilipokea kutoka huko. Kitenzi kilikuwa kikitumika kwa Kiingereza tangu karne ya 14, kikiandikwa "countrepeise" na tahajia nyingine za namna hiyo, na nomino ikajitokeza mwanzoni mwa karne ya 15.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo ninalolipenda. Leo Mfaransa anaandika "poids", na ndani yake mna herufi d isiyotamkwa. Herufi hiyo iliingizwa baadaye na wasomi waliodhani neno linatokana na "pondus", neno jingine la Kilatini lenye maana ya uzito. Walikosea, lakini kosa lao likawa tahajia rasmi mpaka leo. Kiingereza kilikuwa kimeshalichukua neno kabla ya kosa hilo kuenea, kwa hiyo "counterpoise" haina d, wala "avoirdupois", jina la ule mfumo wa ratili yenye wakia 16, haina. Neno la kuazima limehifadhi sura ambayo wenye lugha wenyewe wameipoteza.

Sasa niwajibu rafiki zako, kwa heshima, maana wote wawili wanafikiri vizuri ila wameshika njia isiyo yenyewe.

Ni kweli kwamba "poise" leo ni utulivu na madaha ya mtu anayejimudu. Lakini hiyo ni maana ya mwisho katika safari yake. Neno lilianza likiwa na maana ya uzito, likaja kuwa usawa wa vitu vilivyopimana, na ni katika karne ya 17 na ya 18 ndipo likashika maana ya utulivu wa nafsi na namna mtu anavyouchukua mwili wake. Ukitaka kuiona safari yote kwa mkupuo mmoja, mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani bila kuishika. Kichwani mna uzito. Shingo na kiuno vinausawazisha kila hatua. Na wewe unayemwona kwa mbali huoni hesabu hiyo yote, unaona mwendo wa madaha tu. Uzito, usawa, madaha: rafiki yako alianzia kwenye madaha akarudi nyuma, ndiyo maana akaishia kwenye "kinyume cha utulivu". Maana hiyo haijawahi kuwepo.

Mwalimu wa kwaya amedanganywa na sauti. "Counterpoint" inatokana na "punctus", nukta, kwa sababu noti ziliandikwa kama nukta, na sauti ya pili iliandikwa nukta dhidi ya nukta. Mzizi wake ni kudunga, si kutundika. Lakini nisimlaumu, kwa kuwa kuna neno la tatu linalochanganya hata wataalamu. Wanahistoria wa sanaa wana "contrapposto" ya Kitaliano, ule mkao wa sanamu iliyoegemeza uzito mguu mmoja huku nyonga na mabega yakiinamia pande tofauti. Michelangelo alimchonga Daudi wake kwa mkao huo kati ya 1501 na 1504. Neno hilo linatokana na "ponere", kuweka. Waandishi wa Kiingereza mara nyingine hulitafsiri kwa "counterpoise", na tafsiri inakaa vizuri kwa maana, ila kwa asili ni watoto wa mama tofauti. Na kwa kuwa uko kazini, jihadhari pia na "counterpoison" ukiikuta kwenye maandishi ya kale. Hiyo ni dawa ya kuzuia sumu, na macho yaliyochoka huisoma vibaya.

Turudi kwenye vitabu vyako.

Kitabu cha vita. Mtambo unaozungumziwa ni ule mkubwa wa kurushia mawe ngomeni. Ule wa zamani zaidi ulivutwa na kundi la watu kwa kamba: boriti ndefu juu ya egemeo, kombeo kwenye ncha ndefu, kamba kwenye ncha fupi, watu wanavuta kwa pamoja. Katika karne ya 12 watu wa kamba wakabadilishwa kwa uzito: sanduku lililojazwa mawe, udongo au risasi. Mwishoni mwa karne hiyo mwandishi aitwaye al-Tarsusi aliandika kitabu cha silaha kwa ajili ya Sultani Salahuddin, na humo ameeleza mtambo wa aina hii. Mwaka 1304 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling, Uskoti, akiwa na mtambo mkubwa ulioitwa Warwolf, na waliokuwa ndani walipotaka kusalimu amri hakuwakubalia mpaka ujaribiwe kwanza.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo mhariri hakukugusa, lakini mimi ningeigusa. Katika mtambo huo uzito haupo ili kusawazisha. Upo ili kushinda. Sanduku linaachiwa, linaanguka, na kwa kuwa ni zito mno kuliko jiwe lililo upande wa pili, ncha ndefu inafyatuka juu kwa kasi. Ukiandika "kusawazisha", msomaji atajiuliza jiwe lilirukaje. Ningeandika "uzito wa kuangukia" au "uzito wa mkabala", na mara ya kwanza ningeongeza nusu sentensi ya kueleza kazi yake.

Linganisha na lifti ya jengo la ghorofa. Kule juu, upande wa pili wa kamba za chuma, kuna uzito unaoshuka wewe unapopanda. Mafundi huupanga uwe sawa na uzito wa chumba cha lifti pamoja na kama asilimia 40 hadi 50 ya mzigo unaoruhusiwa. Lifti ikijaa, mota inabeba ile tofauti tu. Lifti ikiwa tupu, uzito ndio unaotaka kushuka na mota inauzuia. Daraja la Tower Bridge la London, lililofunguliwa mwaka 1894, hufunguka kwa wazo hilohilo: kila upande unaoinuka una zaidi ya tani 1,000, na mashine isingeweza kuunyanyua kwa wepesi kama uzito wa nyuma usingefanya sehemu kubwa ya kazi. Hapo "uzito wa kusawazisha" umekaa mahali pake kabisa. Utakuta Waingereza wenyewe siku hizi wanauita zaidi "counterweight", neno walilounda kwa "weight" yao ya nyumbani, nalo limeitoa "counterpoise" kwenye mitambo mingi. Ukiikuta "counterpoise" kwenye mambo ya mitambo, mara nyingi maandishi ni ya zamani au mwandishi anasimulia ya zamani.

Sasa Shakespeare, ambako ndiko moyo wa swali lako ulipo. Kufikia mwisho wa karne ya 16 Waingereza walikuwa wameshalitoa neno sokoni wakalitia katika heshima, ndoa na vita. Katika sehemu ya kwanza ya tamthiliya ya Henry IV, mwasi Hotspur anasoma barua ya mtu anayekataa kujiunga na uasi, akisema mpango wao ni mwepesi mno kuikabili nguvu kubwa hivyo inayowapinga. Angalia neno "mwepesi": mizani bado inaonekana, ila kilichotundikwa ni jeshi la mfalme. Katika tamthiliya ya Coriolanus, jemadari Cominius anamsifu shujaa wake kwamba duniani hakuna mtu mmoja anayeweza kupimwa naye. Hapo kilichotundikwa ni utu wa mtu.

Na mahali pako, Much Ado About Nothing, tendo la nne. Wapo kanisani. Leonato amemtoa binti yake Hero kwa bwana harusi, Claudio, kwa hiari, bila masharti. Claudio anamuuliza baba: mimi nikurudishie nini, ambacho thamani yake itaikabili zawadi hii adimu? Don Pedro, mkuu wa Claudio, anajibu kwamba hakuna, labda umrudishe mwenyewe. Na papo hapo Claudio anamrudisha, kwa matusi, mbele ya watu, kwa uongo alioaminishwa kuhusu binti wa watu. Nimesoma eneo hilo miaka mingi na bado linaniuma. Neno "counterpoise" ndilo linaloandaa kisu. Claudio anaongea kama bwana harusi anayeshukuru, kumbe anapanga mizani: kitanga hiki Hero, kitanga kile hakuna, isipokuwa Hero mwenyewe, basi mchukue.

Ndiyo maana "uzito wa kusawazisha" hapo uliuzima moto. Hakuna uzito wala kifaa. Kuna thamani mbili zinazokabiliana. Kiswahili kina vitenzi vya kazi hii: kulingana, kuwiana, kupimana, na pale mmoja anapoziba pengo la mwingine, kufidia. Kama unatafsiri kwa nathari, andika tu "nikupe nini chenye thamani ya kulingana na zawadi hii?" Kama unatafsiri kwa shairi, hapa kuna jaribio langu, ulichukue au uliache:

Nikulipe nini mimi, kilingane na tunuyo?

Hesabu silabi. Nane na nane. Unaona tumefika wapi? Neno tunalotumia kwa hesabu hiyo ni mizani, lilelile la dukani na lilelile la kituo cha barabarani ambako malori hupimwa. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kupima uzito uliotupa pia uzani, na washairi wetu wakalichukua kupima pumzi ya mshororo. Tunasema pia urari wa vina na mizani, na mhasibu naye ana urari wake wa hesabu. Hakuna Mswahili anayesema mizani ya shairi ni maana potofu kwa sababu shairi haliwekwi kwenye kitanga. Kwa hiyo usimwonee Mwingereza. Maana ya kale ya neno hukuonyesha njia lilikopita. Haina mamlaka ya kuzifuta zilizokuja baadaye.

Kuna maana nyingine za kihistoria nitazigusa haraka. Wakati mwingine "counterpoise" haikutaja uzito wenyewe bali hali ya kulala sawa, pale ufito unapoacha kutikisika. Walimu wa kupanda farasi wa karne ya 18 walilitumia kwa mpandaji anayekaa katikati ya tandiko asiegemee upande wowote, farasi afanye afanyavyo. Na waandishi wa siasa walilitumia kwa dola moja inayoizuia nyingine isimeze jirani zake, wazo lililokuwa na nguvu sana Ulaya wakati wa mikataba ya amani ya Utrecht ya 1713. Katika siasa "mzani" wa mamlaka unaeleweka, ila mimi hupenda kusema wazi: "dola ya kuikabili Ufaransa", kisha sentensi inajitegemea.

Nimeibakiza redio makusudi, maana huko kosa la tafsiri linaweza kumuumiza mtu.

Antena ya kusimama ni nusu tu ya mfumo. Mtambo wa kurushia unasukuma umeme ndani ya nguzo ya antena, na hauwezi kusukuma upande mmoja bila kuwa na upande wa pili wa kusukumia, kama wewe usivyoweza kuisukuma mashua kutoka ufukweni ukiwa umesimama juu ya kitu kinachoteleza. Kwa kawaida upande huo wa pili ni ardhi. Lakini ardhi ikiwa mchanga mkavu au mwamba, umeme unapita kwa shida na nguvu nyingi inapotea kwa joto. Dawa yake ni kutandaza nyaya chini ya antena, mara nyingi zikiwa zimeinuliwa kidogo na kutengwa na udongo, zifanye kazi ya ardhi. Nyaya hizo ndizo "counterpoise". Wajerumani huziita "Gegengewicht", uzito wa mkabala, kwa taswira ileile. Kwa masafa ya megahezi 7, ambako wimbi lina urefu wa karibu mita 43, waya mmoja wa namna hii hukatwa kama mita 10 hivi, yaani robo ya wimbi. Mlinzi anayeshika redio ya mkononi naye, bila kujua, mwili wake unafanya sehemu ya kazi hiyo.

Sasa mfikirie fundi aliye juu ya paa na mwongozo wako mkononi. Anasoma "funga uzito wa kusawazisha kwenye kituo cha antena". Atafanya nini? Atatafuta jiwe. Au, kama ni mwerevu, atadhani unazungumzia zile waya za kuishikilia nguzo isiangushwe na upepo, azifunge hizo. Mhariri alikuwa sahihi kukata. Ningeandika "nyaya za chini za antena", na mara ya kwanza niongeze kwamba zinashika nafasi ya ethi, yaani waya wa kuunganisha mtambo na ardhi, pale ardhi isipofaa. Baadhi ya watu wangependa "ethi bandia", ni fupi na mafundi wataielewa upesi, lakini inanitia wasiwasi: mtu anaweza kudhani inatosha kwa kinga ya radi, na haitoshi. Radi inahitaji ethi yake halisi iliyozikwa. Wengine watashauri kulitohoa, "kauntapoizi". Silikatai katika kitabu cha wahandisi chenye faharasa, ila kwenye mwongozo wa mtu wa kawaida halimsaidii.

Na uangalie jambo moja zaidi: katika njia kuu za umeme neno hilihili linatumika kwa waya uliozikwa ardhini kuanzia miguu ya mnara mmoja hadi mwingine, ili radi ipate njia nzuri ya kuingia udongoni. Moja hutengwa na ardhi, nyingine huzikwa. Ukitumia jina moja kwa zote mbili, umeweka mtego.

Kuhusu vifaa: kamusi ndogo hukupa jibu moja kwa sababu haina nafasi. Kwa neno la historia, nenda kwenye kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza ile ya Oxford, ambayo juzuu zake za kwanza zilitoka kati ya 1884 na 1928. Yenyewe hupanga maana kwa mfuatano wa kuzaliwa kwake na kuweka mifano ya kila wakati. Maktaba za vyuo vikuu vingi huwa nayo. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 nayo ina faida yake kwa maandishi ya karne ya 18, kwa sababu inakuonyesha watu wa zama hizo walivyolisikia neno.

Kwa istilahi unazotaka ziwe za kudumu, usikae nazo peke yako. Waandikie watu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA, au BAKIZA ukiwa Zanzibar, uwapelekee sentensi nzima na maelezo ya kifaa, maana neno tupu litakuletea jibu tupu. Tamthiliya unaweza kuimaliza mwenyewe na mhariri wako, mradi mkae pamoja muisome kwa sauti. Mwombe, kwa adabu, akwambie kwa nini anakata. Kitabu cha vita kinataka marekebisho ya dakika tano.

Mwongozo wa redio ni habari nyingine, huo usiuachie uende kuchapwa kabla hujaonana ana kwa ana na fundi wa redio au mhandisi wa mawasiliano. Ncha za nyaya hizo zinaweza kuwa na volti kubwa wakati mtambo unarusha, na mtu anayezigusa anaungua. Mpelekee kurasa zako, mkae naye penye antena halisi kama inawezekana, mwache asome kila agizo huku akikuonyesha kwa kidole waya unaohusika. Pale kidole chake kitakapositasita, weka alama ya kalamu, kisha niletee sentensi hizo tuziangalie pamoja.